LibreOffice Calc na hesabu za mayai yangu

Nafuga kuku wa mayai, mabanda mawili. Hesabu za madaftari ya miaka minne nimezihamishia LibreOffice Calc, programu ya bure kabisa ya majedwali ya hesabu kwenye kompyuta, na kilichonikosha zaidi ni chati zake.

Unachagua data, unaingiza chati, kisha unapitishwa hatua nne: aina ya chati, eneo la data, mifululizo (yaani makundi ya namba yanayochorwa), mwisho vichwa na ufunguo wa rangi. Tulia kwenye hatua ya pili. Pale kuna kisanduku cha kufanya safu wima ya kwanza iwe lebo. Safu yangu ya kwanza ni miaka. Bila tiki, 2021 inachorwa kama pau, mnara mrefu unaozifunika trei zangu nane za kila siku. Weka tiki, miaka inashuka kwenye mhimili wa chini, na kila banda linakuwa mfululizo wenye rangi yake. Raha kuitazama!

Mwenendo wa mauzo nautazama kwa grafu ya mstari. Chati duara ni ya matumizi: chakula, chanjo, maranda. Mume wangu alipoona chakula kilivyomeza duara, alinyamaza, kisha akasema, “Mama Neema, tuanze kuchanganya wenyewe.”