Kununua barua za Karibi zilizofunguliwa na wakaguzi wa vita: uzoefu wangu na minada ya mtandaoni

Kwa miaka kadhaa sasa nanunua bahasha za Karibi za wakati wa Vita Kuu ya Pili kwenye minada ya mtandaoni. Mimi niko Dar es Salaam, wauzaji wako Uingereza, Uholanzi, Marekani na Kanada. Huduma hii naipenda, maana inamfikisha mtu wa huku mahali ambapo zamani asingefika bila nauli ya ndege. Lakini ubora wake wote unategemea swali moja: je, muuzaji ameonyesha mgongo wa bahasha? Kama hajaonyesha, usitaje bei mpaka akutumie picha.

Bahasha ya kawaida hununuliwa kwa stempu yake na muhuri wa posta. Bahasha iliyokaguliwa vitani ni habari nyingine. Ubavu wake ulikatwa, barua ikatolewa, ikasomwa, ikarudishwa ndani, kisha pale palipokatwa pakafungwa kwa lebo ya karatasi yenye gundi, iliyokunjwa kutoka mbele hadi nyuma. Lebo ya Waingereza imeandikwa OPENED BY EXAMINER pamoja na namba ya mkaguzi, na kwa herufi ndogo P.C. 90, ambayo ni namba ya fomu. Ya Wamarekani inasema EXAMINED BY, nayo ina namba yake. Mara nyingi sehemu inayokuambia barua ilifunguliwa wapi iko upande wa pili kabisa wa ule wenye stempu, na mihuri ya njiani nayo iko hukohuko nyuma. Picha ya mbele peke yake ni nusu ya bidhaa.

Nilianza na barua za Tanganyika za miaka hiyohiyo, maana nazo zilifunguliwa. Kilichonivutia Karibi ni wingi wa wenye mamlaka kwenye bahari moja. Jamaika, Trinidad, Barbados na Bahamas zilikuwa chini ya Uingereza. Curaçao na Aruba zilikuwa za Uholanzi, Martinique na Guadeloupe za Ufaransa, Puerto Rico ya Marekani. Kuba, Haiti na Jamhuri ya Dominika zilikuwa nchi huru zilizoingia vitani Desemba 1941. Kila serikali ilikuwa na wakaguzi wake, na barua moja iliweza kufunguliwa na watu wa serikali mbili kabla haijafika. Bahasha yenye lebo ya Uingereza ubavu huu na ya Marekani ubavu ule naithamini kuliko stempu yoyote ya bei kubwa.

Kituo ambacho kila mkusanyaji atakutana nacho kwanza ni Bermuda. Kijiografia Bermuda iko Atlantiki, nje ya Bahari ya Karibi, lakini wakusanyaji huiweka kapu moja na visiwa vya Karibi vya Waingereza. Ndege za Pan American, shirika la Marekani, zinazotua majini zilipita hapo zikiwa na barua kati ya Marekani na Ulaya. Kuanzia Januari 1940 Waingereza wakaanza kuteremsha mifuko ya barua na kuifungua. Wamarekani, ambao bado hawakuwa vitani, walilalamika sana, na Machi mwaka huo ndege za kwenda Ulaya zikaacha kutua Bermuda. Kazi ya ukaguzi haikufa. Ilifanyika kwenye hoteli ya Princess mjini Hamilton, ikakua mpaka kituo kikawa na wafanyakazi zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake waliotoka Uingereza.

Kazi yao ilikuwa na matokeo. Walizitilia shaka barua zilizotoka New York kwenda Hispania na Ureno, zilizosainiwa "Joe K", na ndani yake wakakuta maandishi ya wino usioonekana. Mwandishi alikuwa Kurt Frederick Ludwig, jasusi wa Ujerumani. Alikamatwa Agosti 1941, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Heinz Lüning, jasusi mwingine wa Ujerumani aliyekuwa Havana akiandika kwa wino wa siri kwenda Lisbon, naye alinaswa kwa barua zilizokamatwa Bermuda. Kuba ilimpiga risasi Novemba 1942. Kila ninaposhika lebo yenye herufi I.C. mbele ya namba, ambayo ni alama ya Bermuda, nawaza kwamba huyu aliyeibandika pengine alikuwa meza moja na aliyemgundua Joe K.

Sasa turudi kwenye huduma, maana hapa ndipo minada inapowaangusha wateja. Wauzaji hupanga bidhaa kwa nchi ya stempu. Barua ya New York kwenda London iliyofunguliwa Bermuda utaikuta kwenye fungu la Marekani. Barua ya Buenos Aires kwenda Uswisi iliyofunguliwa Trinidad utaikuta kwenye fungu la Argentina, tena pengine ndani ya boksi la bahasha mchanganyiko, bila neno Trinidad kutajwa popote. Na Trinidad ilikuwa njia panda hasa. Barua nyingi za Amerika Kusini za kwenda Ulaya zilipita hapo, na Waingereza walizifungua. Waliotaka kuwakwepa walitumia ndege za shirika la Kiitalia la LATI, zilizoruka kati ya Roma na Rio de Janeiro tangu Desemba 1939. Mlango huo ulifungwa Desemba 1941. Ukizipata bahasha mbili za mji mmoja na mwaka mmoja, moja imepita Trinidad ikafunguliwa na nyingine imepanda LATI, una vita vizima vya barua mezani kwako.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetumia minada hii ni kutafuta chini ya Argentina, Brazili, Venezuela, Marekani na Ureno kabla ya kutafuta chini ya Karibi. Chombo cha kutafutia walichonacho hakina mahali pa kuandika barua ilifunguliwa wapi, na kwa fani hii huo ni upungufu mkubwa. Itabidi ufungue picha moja moja na kukuza pembe za lebo. Inachosha macho, lakini vitu bora nilivyonavyo nilivipata hivyo, kwa pauni chache.

Kinyume chake kipo pia. Muuzaji akishaandika neno "Bermuda" kwenye maelezo, bei inapanda, na wapo wanaoliandika bila kuwa na hakika. Muuzaji mmoja aliweka picha ya mbele tu. Nilipouliza, akanijibu kwamba lebo ya nyuma ni ya Bermuda. Bahasha ikafika, lebo ni ya Kimarekani. Nilimrudishia, pesa ya bidhaa ikarudi baada ya kumkumbusha mara kwa mara, lakini nauli ya posta ya kwenda na kurudi ilibaki kwangu. Soma masharti ya kurudisha kabla ya kubonyeza, hasa kama uko mbali kama sisi. Nyumba za mnada zenye wataalamu wa historia ya posta huonyesha pande zote mbili bila kuombwa, na maelezo yao hutaja njia, tarehe na aina ya lebo. Ukijumlisha kamisheni ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 au zaidi juu ya bei ya nyundo (bei ya mwisho mnadani), kwao utalipa zaidi. Mimi hulipa kwa moyo mweupe, kwa sababu wanachouza wanakijua.

Bidhaa za kughushi zipo. Lebo tupu za zamani zimebaki duniani, na mtu anaweza kuibandika moja kwenye bahasha ya bei rahisi ili iuzwe ghali. Mimi huangalia kwanza kama ubavu wa bahasha umekatwa kweli chini ya lebo. Lebo iliyobandikwa juu ya ubavu mzima haina kazi pale. Halafu huangalia mihuri: uliopigwa baada ya ukaguzi unaweza kupita juu ya lebo, lakini ule wa posta ya kuanzia safari unatakiwa uwe chini yake. Tarehe nazo ziulizwe. Lebo ya Kimarekani ya EXAMINED BY kwenye barua iliyofika mwanzoni mwa 1941 haiwezekani, kwa sababu Ofisi ya Ukaguzi ya Marekani, chini ya Byron Price, iliundwa Desemba 1941. Mwisho natumia taa ya ultravioleti, kama ile ya kukagulia noti. Karatasi iliyotiwa dawa ya kung'arisha weupe hung'aa chini yake, na dawa hiyo ilienea kwenye karatasi baada ya vita.

Barua za watu waliowekwa kizuizini ndizo zinazonigusa zaidi, na ndizo adimu. Ujerumani ilipoivamia Uholanzi tarehe 10 Mei 1940, Wajerumani waliokuwa Curaçao na Aruba walikusanywa na kupelekwa kambi ya Bonaire, na miongoni mwao walikuwemo watu waliomkimbia Hitler mwenyewe. Fikiria umekimbia utawala, kisha unafungwa kwa sababu ya pasipoti ya utawala huohuo. Barua zao zilisomwa kabla ya kutoka. Jamaika nako kulikuwa na kambi ya Up Park mjini Kingston, walikowekwa raia wa nchi adui, na Alexander Bustamante, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, alizuiliwa hapo kuanzia Septemba 1940 hadi Februari 1942. Upande wa Mona ilikuwepo Gibraltar Camp, ya raia waliohamishwa kutoka Gibraltar na baadaye wakimbizi wa Kiyahudi. Tangu 1948 eneo hilo ni la chuo kikuu. Kwenye mnada bahasha za kambi hizi hazikai. Watu wanazingoja.

Za Martinique na Guadeloupe chini ya Admirali Georges Robert, aliyeshikilia upande wa Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, mpaka Julai 1943, ni chache pia, na bei zake mimi sizimudu.

Rahisi na zenye utamu ni za askari wa Marekani. Baada ya makubaliano na Uingereza ya Septemba 1940, Marekani ilipata maeneo ya kambi za kijeshi Trinidad, Jamaika, Antigua, St. Lucia, Bahamas na British Guiana (Guyana ya leo). Kuanzia Aprili 1942 askari wake walituma barua bure, kwa hiyo bahasha haina stempu kabisa, ina neno Free kwa mkono, muhuri wa ukaguzi na saini ya ofisa aliyeisoma. Wanaotafuta stempu huzipita. Mimi husimama hapo.

Kuhusu usafirishaji, barua ya rejista imenifaa kuliko kampuni za vifurushi. Ni ya bei nafuu, na inakuja mpaka posta ninakochukulia. Omba kadibodi mbili ngumu ziwekwe ndani, na muuzaji aandike thamani halisi kwenye fomu ya forodha. Zikishafika, joto na unyevu wa pwani ndio adui. Gundi ya lebo za vita inalainika na kunata, na karatasi inaota madoa ya kahawia. Tumia mifuko ya poliesta, usitumie plastiki laini ya PVC, maana mafuta yake yanaingia kwenye karatasi na wino. Weka silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, ndani ya boksi na uibadilishe mara kwa mara. Wauzaji wengine hutuma bahasha ndani ya mifuko hiyohiyo ya PVC, kwa hiyo itoe siku ileile.

Mara nyingine barua yenyewe bado imo ndani, na sehemu iliyotaja meli au tarehe ya safari imekatwa kwa mkasi. Ninayo moja ya mtu wa Honduras ya Uingereza (Belize ya leo) aliyekwenda Scotland kukata miti, kama walivyokwenda mamia ya wenzake kuanzia 1941. Anamwuliza mama yake habari za shamba, anasema baridi ni kali. Sijaipiga picha wala kuiweka popote. Jina na anwani ni za familia ambayo huenda ipo mpaka leo, na wauzaji wanaozionyesha kurasa zote za barua ya ndani kwa kila mtu nadhani wangefanya vizuri kuonyesha bahasha tu, na barua kumwachia mnunuzi.

Kwa mtu anayetaka kuanza mwezi huu: nunua kwanza bahasha mbili tatu za Marekani kwenda Uingereza zilizofunguliwa Bermuda kati ya 1940 na 1942. Ni za kawaida, na zitakufundisha karatasi, gundi na herufi za lebo zilivyo mkononi. Kisha jiunge na British West Indies Study Circle, chama cha wakusanyaji kilichoanzishwa 1954, ili usome jarida lao kabla ya kwenda kwenye Trinidad. Bonaire iache mpaka uweze kuisoma lebo ya Kiholanzi mwenyewe, bila kumtegemea muuzaji.