Kujifunza gari ukubwani hapa Mombasa: shule ilinipa leseni, udereva nikaununua kando

Niliingia shule ya udereva nikiwa na miaka 43, na sijawahi kuwa mtu wa kupenda magari. Kazi yangu ni kupika vyakula vya shughuli: harusi, hitima, akika. Mzigo wa pilau ukitoka kwangu Kisauni kwenda mjini unataka tuktuk mbili, na tuktuk ikiruka tuta vibaya mchuzi unafika nusu. Kakangu alipotaka kuuza gari lake aina ya Probox akaniuzia kwa bei ya kindugu. Gari likawa lipo uani, dereva hakuna.

Shule yenyewe sitaitaja, kwa kuwa nina mazuri na mabaya ya kuisema. Iko kisiwani, ofisi juu ya duka la vitambaa, na magari yake ni Nissan Sunny kuukuu zenye pedali za ziada upande wa mwalimu. Nililipa shilingi 14,000 kwa kozi nzima. Mambo ya PDL, ile leseni ya kujifunzia, karani alinifanyia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nikiwa nimekaa mbele yake, nikatoka nayo bila kuhangaika. Hapo sina lawama.

Swali la kwanza waliloniuliza: gia au otomatiki? Karani alinisukuma kwenye otomatiki, eti kwa umri wangu ndiyo nyepesi. Kweli ni nyepesi, lakini jueni hili kabla hamjakubali: gari dogo ni daraja B, na ukitahiniwa kwa otomatiki unapewa B1, basi la gia za mkono huruhusiwi kuligusa. Probox yangu ni ya gia. Nikamwambia aniandike gia, akatazama miwani yangu, akaandika.

Darasani nilikuwa na vijana watupu waliomaliza KCSE, mtihani wa kidato cha nne, wanaongoja matokeo. Waliniita bi mkubwa, wakaniachia kiti karibu na feni. Nadharia tulifundishwa kwenye bodi, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu naona wengi wanaidharau. Bodi ni meza iliyochorwa mji mzima: barabara za njia moja na za njia mbili, kiplefti chenye leni tatu, kivuko cha reli, pundamilia, maegesho ya kila namna. Unapewa kigari cha kuchezea, mwalimu anakwambia toka hapa nenda pale, nawe unakisukuma kwa kidole huku ukieleza unachofanya. Anayekata kushoto anaingia kiplefti kwa leni ya kushoto, anayenyoosha ya kati, anayekwenda kulia au kurudi alikotoka ya kulia, na kila mmoja anampisha aliye upande wake wa kulia. Ukikosea leni kigari kinarudishwa mwanzo.

Mji ule wa bodi hauna tuktuk, hauna mkokoteni, wala matatu ya kusimama katikati ya njia kumshusha mtu na kuku wake. Vijana waliucheka. Mimi ulinifaa kuliko wao. Mtu mzima haingii shuleni mtupu. Anaingia na miaka mingi ya kukaa kiti cha mbele cha matatu, na dereva wa matatu ni mwalimu tayari, tena mwenye uhakika na kila anachokifanya. Nilikuwa najua, bila shaka yoyote, kwamba indiketa zote mbili zikiwaka pamoja maana yake ni "mimi nanyoosha". Bodi ndiyo iliyonifutia mambo kama hayo, taratibu, pasipo mtu wa kunipigia honi nyuma. Kijana wa miaka 18 anaweza kuipita bodi mbio. Wewe wa miaka 40 kaa nayo, omba hata kuirudia na darasa linalofuata. Mimi niliruhusiwa bila kuongeza pesa.

Kwenye gari mambo yalikuwa tofauti. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mkali, lakini ukali si tatizo, nimelelewa na shangazi mkali. Tatizo lake ni miguu. Hakuwahi kuiondoa kwenye pedali zake. Nikikaribia kukosea gari linajirekebisha lenyewe, nikiachia klachi vibaya haizimi, nami nikawa narudi nyumbani nawaambia wanangu nimeendesha vizuri sana. Siku aliyokuwa mgonjwa nikapewa mzee mmoja wa Likoni. Akakaa, akainua miguu yote miwili akaikunja, akasema, "Mamangu, leo gari ni lako. Mimi nina breki tu, na siigusi mpaka nione kifo." Gari likazima, likawaka, likaruka, likazima tena. Kwa mara ya kwanza nikaisikia klachi inaposhika: sauti ya injini inashuka, pua ya gari inainuka kidogo, hapo unasubiri, huachii. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba kuna mahali pa kusubiri.

Nikaenda ofisini kuomba nibaki na mzee. Karani akasema walimu hawachaguliwi. Nikasema basi nitarudi yule wa kwanza akipumzika, nami nitangoja, sina haraka. Nikapewa mzee. Kama shule yenu inakataa katakata kubadilisha mwalimu, mimi ningehama, hata kama nimeshalipa nusu.

Lalamiko langu kubwa ni njia. Masomo yote tuliyafanya kwenye mitaa ileile ya Kizingo na Ganjoni, asubuhi, barabara pana, miti, walinzi wanaomwagilia maua. Daraja la Nyali hatukulivuka hata mara moja. Mlima hatukuupanda ila mmoja mfupi. Nilipouliza, jibu likawa: hiyo haiko kwenye mtihani. Ndipo nikafahamu ninachouziwa.

Lalamiko la pili ni la pesa. Karibu na mtihani karani akaniambia kuna kiasi kidogo cha "kusukuma faili". Nikamwomba risiti yenye maneno hayohayo. Pesa hiyo haikutajwa tena, na faili likaenda.

Mtihani wenyewe unasimamiwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na ni wa sehemu mbili: maswali ya mdomo mbele ya bodi pamoja na alama za barabarani, kisha unaingia garini na mtahini. Siku hiyo ni ya kungoja kwa kuwa shule nyingi huleta watu wao pamoja. Wale vijana walikuwa wanaulizana maswali hadi mate yakawakauka. Mzee alinipa dawa moja tu, nayo ndiyo iliyoniokoa: sema kwa sauti kila unachofanya kabla hujakifanya. "Natazama kioo. Natia indiketa. Naangalia bega la kulia." Unapojisikia unasema, mikono inatulia, na mtahini anajua umetazama hata kama hakukuona ukitazama. Vilevile chai kunywa ukimaliza, siyo kabla, hasa sisi wenye miaka yetu.

Kwenye bodi niliambiwa nitoke hospitalini niende kuegesha upande wa pili wa kiplefti, kisha nirudi. Nilijibu kwa Kiswahili, naye akaniuliza kwa Kiswahili. Garini tulikwenda mwendo mfupi tu. Katikati akatokea hamali na mkokoteni wa maji, akakata mbele yetu kama hatupo. Nikasimama kabisa, nikavuta handibreki, nikatia gia ya kwanza upya, nikasema "nangoja apite" kwa sauti ya kumtosha hata hamali. Mtahini akaandika kitu. Nilifaulu.

Kisha nikapeleka Probox mpaka mwisho wa mtaa wetu, nikaona matatu inakuja kasi kutoka Kongowea, nikairudisha nyumbani. Leseni ninayo, lakini ile barabara si ya Kizingo.

Hapo ndipo ninapotaka kuwasifu kwa dhati, maana shule hiyohiyo huuza saa za ziada baada ya leseni, ila haitangazi. Shilingi 1,000 kwa saa, gari lako mwenyewe, mwalimu wa kumtaka wewe. Nilimchukua mzee, tukafanya yote ambayo hayakuwa kwenye mtihani. Daraja la Nyali saa kumi na moja jioni. Kiplefti cha Makupa, ambako kanuni ya kumpisha wa kulia inafanya kazi mpaka tuktuk ya kwanza itokee, na mzee akanifundisha kutazama matairi ya mbele ya mwenzio badala ya taa zake. Kurudi nyuma kwenye vichochoro vya Kisauni na watoto wanacheza kati. Kupita soko la Kongowea siku ya mzigo.

Na feri. Kila dereva wa gia Mombasa ana lake la kusema kuhusu feri ya Likoni. Unashuka mteremko ukiwa kwenye foleni, watu mamia kwa mamia wanapita kando yako kwa miguu, kisha unapanda chuma. Siku za bamvua maji yakipwa sana, ule mlango wa feri unakaa chini na kutoka ni kupanda mlima halisi, gari limekusogelea nyuma kiasi cha kulisikia pumzi. Mzee alinichagulia siku hiyo makusudi, akatazama maji kwanza ndipo akasema twende. Handibreki juu, klachi mpaka pale pa kusubiri, mafuta kidogo, pua ikainuka, nikaachia handibreki. Halikurudi nyuma hata shibiri. Upande wa Likoni tukasimama kununua mahamri, yeye akalipa, akasema ndiyo ada yake ya kuhitimisha.

Kwa hiyo: kozi ya mtihani nawapa nyota tatu kati ya tano, na moja katika hizo ni ya bodi. Saa za ziada nyota tano. Ukipiga hesabu ya bei, tenga mapema pesa za saa hizo, usizile kwenye kozi "maalumu" ya bei ghali ambayo inazunguka Ganjoni ileile. Uliza kabla ya kulipa kama mwalimu anabadilishwa, na kama wanakubali kukufundisha kwa gari lako baada ya kufaulu. Leseni ya kadi nilichukua ya miaka 3 kwa shilingi 3,050. Wenye gari la otomatiki nyumbani na wasio na mpango wa kugusa jingine, nendeni B1 bila aibu, na ombeni siku ya mvua iwe mojawapo ya masomo yenu, kwa sababu mimi sikuipata na mvua ya masika ya Mombasa haingoji mtu azoee waipa.