Alinikataza ngano, kisha akanipima ugonjwa wa ngano

Jina la daktari sitalitaja, wala la kliniki yake. Mamangu kanisihi nisiandike kabisa, nimwachie Mungu. Nimemwachia, lakini haya nitayasema, kwa sababu najua hivi sasa hapa Mombasa kuna mtu yuko Kisauni au Likoni au hapa hapa Majengo, tumbo limemfura, damu imemwishia, na kesho atakwenda kuketi mbele ya daktari kama yule.

Mimi nina seliaki. Mwili wangu ukipata gluteni, ile protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka za jamii hiyo, kinga yangu mwenyewe inaushambulia utumbo mwembamba. Vile vijinyweleo vya ndani vinavyofyonza chakula vinalala, vinaisha. Unakula unashiba, lakini chakula kinapita tu. Ndiyo maana nilikuwa nakonda na sahani yangu imejaa, na ndiyo maana vidonge vya kuongeza damu nilivimeza miezi na miezi na damu haikupanda.

Kabla ya kufika kwa huyo daktari bingwa nilishazunguka. Kila zahanati niliyoingia nilitoka na taifodi. Unatolewa damu, unasubiri kwenye benchi, unaitwa: taifodi, chukua dawa hizi. Ukirudi ni ameba. Ukirudi tena ni vidonda vya tumbo, meza hiki asubuhi kabla ya chai. (Na chai yenyewe ni kwa mahamri, kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nakula nini.) Nilipokonda mpaka buibui likawa lanipwaya, wakaanza kunipima ukimwi. Sina ugomvi na kipimo hicho, kila mtu apime. Lakini unapimwa, unaonekana huna, unaambiwa urudi baada ya miezi mitatu kuhakikisha, unarudi, huna, kisha kituo kingine wanaanza upya kana kwamba wewe ndiye unayewaficha kitu. Na hayo unaambiwa mumeo amekaa pembeni. Mtaani nako walishanihukumu zamani.

Hao wote nimewasamehe. Zahanati ndogo ina wagonjwa wengi na vipimo vichache, na malaria na taifodi kwetu zipo kweli. Yule bingwa simsamehi.

Kwake nilikwenda nikiwa na habari. Binamu yangu aliye Muscat, ambaye ni muuguzi, alinisikiliza kwenye simu siku moja: tumbo, kuendesha, vidonda vya mdomoni visivyopona, damu isiyopanda. Akaniambia, "Dada, waambie wakupime seliaki." Akanitumia jina la kipimo, tTG-IgA, nikaliandika kwenye karatasi. Nikaomba ruhusa kazini, nikalipa ada ya bingwa, ambayo kwa mshahara wangu si mchezo, nikangoja mpaka adhuhuri ikapita.

Niliingia nikasalimu. Hakuinua macho. Alikuwa ameshaanza kuandika dawa kwenye karatasi yake kabla sijakaa vizuri. Nikaanza kueleza, akaendelea kuandika. Nilipotaja neno seliaki ndipo akaweka kalamu chini, akacheka kidogo kwa puani, akasema: "Mama, huo ni ugonjwa wa wazungu. Umeuona wapi, kwenye intaneti?"

Nikamwambia ni muuguzi aliyeniambia. Akasema, "Haya, kama unaona ngano inakudhuru, si uiache? Acha kabisa, uje baada ya miezi miwili mitatu, tukupime uridhike."

Nikaiacha. Nani asiyemsikiliza bingwa? Niliacha mahamri, chapati, mkate wa boflo, tambi. Ramadhani iliingia katikati, na nyumbani kwetu futari bila sambusa na kaimati si futari, lakini niliketi na muhogo wa nazi wangu na tende, watu wakila. Na wallahi tumbo lilitulia. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nililala usiku kucha. Nikasema sasa ndiyo, nitarudi nimwonyeshe, ataelewa.

Nilirudi. Akanipeleka maabara, damu ikatolewa, majibu yakaja. Alikuwa na karatasi mkononi, risiti imebanwa juu yake kwa pini. Akaisoma kwa sekunde, akaisukuma upande wangu wa meza kwa kidole kimoja. "Huna. Si nilikwambia?"

Nikamweleza kwamba tangu niache ngano nimepata nafuu. Akasema ni mawazo. Nikasema tumbo halifuri tena. Akasema, "Mwanamke akiamini kitu, mwili wake unaamini." Akaniandikia dawa ya kutuliza mawazo, akaniambia nirudi kula kama watu wengine, akagonga muhuri wake, akamwita anayefuata. Mimi bado nimekaa pale kitini.

Sasa nieleze kwa utaratibu alichonifanyia, maana wengine mtadhani hasira yangu ni ya maneno tu. Kile kipimo hakitafuti ngano tumboni. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza unapopambana na gluteni. Usipokula gluteni, zile kingamwili hushuka, wiki baada ya wiki, mwisho hazionekani. Umeuzima moto kwa amri yake, kisha anakuja kutafuta moshi na kukuambia hapajawahi kuwaka. Jambo hili si siri ya wachache. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza umeliandika wazi: anayepimwa ale vyakula vyenye gluteni kila siku, katika mlo zaidi ya mmoja, kwa wiki 6 angalau kabla ya kipimo. Yeye aliniambia kinyume chake, na akanitoza pesa mara mbili kwa kunipoteza.

Na hilo la ugonjwa wa wazungu ndilo linanichoma zaidi. Wanaojulikana kuwa na seliaki kwa wingi kuliko wote duniani si wazungu. Ni Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta watoto wao zaidi ya 5 katika kila 100 wanao, wakati sehemu nyingi za dunia ni kama mtu 1 katika 100. Upo Uarabuni, upo Uhindini kaskazini ambako chakula chao ni roti. Sasa angalia Mombasa hii. Nenda Mji wa Kale uhesabu nyumba zisizo na babu wa Yemeni, wa Omani au wa Kihindi. Daktari amesoma, anafanya kazi katika mji huu huu, anatuona kila siku, halafu anasema wa wazungu! Na habari ya ngano si mpya. Daktari Mholanzi, Willem Karel Dicke, aliona wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, watoto wenye ugonjwa huu wakipata nafuu, na kufikia mwaka 1950 alikuwa ameshaandika kwamba ngano ndiyo inayowadhuru. Mamangu hakuwa amezaliwa.

Nilirudi kula kama watu wengine, kama nilivyoamriwa. Yaliyofuata sitaki kuyaeleza. Niliishia hospitali ya serikali, nimezimia kazini, damu iko chini kiasi cha sista kuniuliza mara mbili kama nimetoka kuzaa.

Hapo ndipo nilipokutana na daktari mwingine, mwanamke kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, foleni nje inapinda kona. Nilikuwa na mafaili yangu yote kwenye mfuko wa plastiki. Akayatoa moja moja. Alipofika kwenye yale majibu ya seliaki akaniuliza swali moja: "Dada, siku uliyotolewa damu hii ulikuwa unakula ngano?"

Nikamwambia la, niliambiwa niache. Akanyamaza. Akachukua ile karatasi, akaing'oa pini kwa kucha, akaiondoa risiti. Chini yake, kwa maandishi madogo, maabara yenyewe ilikuwa imeandika kwamba majibu yanaweza kuwa si sahihi ikiwa mgonjwa ameacha gluteni. Mstari ulikuwa pale siku zote. Risiti ya pesa zangu ndiyo iliyoufunika.

Nililia pale pale. Hakuniambia ninyamaze. Alinipa tishu, akasubiri, huku watu nje wanagonga mlango.

Akaniambia ukweli mchungu: lazima nile ngano tena kwa wiki kadhaa kabla ya kupimwa upya, na akanieleza sababu, na akanipa namba ya kupiga nikizidiwa. Mumewangu alikuwa akiniletea mkate asubuhi kama anayemletea mtu sumu, anageuza uso. Safari hii kipimo kilikuja juu kabisa. Kisha nikamezeshwa kamera, vikakatwa vipande vidogo vya utumbo vikapelekwa kuangaliwa, na jibu likawa moja: seliaki, vijinyweleo vimelala.

Nimejaribu kumtafutia udhuru yule bingwa. Labda hakuwahi kumwona mgonjwa wa namna yangu. Labda siku ile alikuwa na yake. Madaktari wetu ni wachache na wanachoka, hilo nalijua, na huyu kijana alikuwa amechoka kuliko yeye. Nilikuwa karibu kusema ni bahati mbaya tu. Lakini kila nikikumbuka kile kidole kinachoisukuma karatasi, naona hakuna udhuru. Kutojua si kosa. Mstari ule ulikuwa mkononi mwake, na alikuwa na mtu mzima mbele yake anayemwambia "nimepata nafuu", na vyote viwili hakuvitazama.

Nilimpelekea nakala ya majibu mapya. Sikutaka pesa wala ugomvi, nilitaka ajue, asije akamfanyia mwingine. Msichana wa mapokezi akaniambia daktari hapokei majibu bila mgonjwa kulipa ada ya kumwona. Nikaacha bahasha juu ya kaunta nikaondoka. Hadi leo hajanipigia.

Na msidhani baada ya jina la ugonjwa kupatikana mambo yalinyooka. Pale nilipoelekezwa kwa ushauri wa chakula nilipewa karatasi iliyotolewa kopi hadi maandishi yamefifia: kula kinoa (punje za ng'ambo), kula mkate maalumu usio na gluteni, kula biskuti maalumu. Unga wa mkate huo nimeuona kwenye supamaketi moja ya Nyali, kipakiti kidogo bei ya kilo kadhaa za mchele. Hakuna aliyeniambia kwamba nusu ya chakula cha pwani kinanifaa tangu asili. Wali wa nazi, sima, muhogo, mbaazi, samaki wa kupaka, vitumbua, vibibi, mkate wa kumimina: vyote hivyo havina ngano vikipikwa kwa mchele mtupu. Mamangu ndiye aliyekaa chini akavihesabu, si mtaalamu.

Wala hakuna aliyenionya penye hatari. Viazi karai: muulize muuzaji ametumia unga gani, wengi ni wa ngano. Bhajia ni za dengu, sawa, lakini mafuta ni yale yale yaliyokaangiwa sambusa. Mkate wa mofa ulikuwa wa mtama, siku hizi wengi wanachanganya na ngano. Mtama wako ukiupeleka kwenye kinu, aliyetangulia huenda alisaga ngano. Sosi ya soya nyingi ina ngano ndani. Haya nimeyajua kwa kuumwa, moja baada ya jingine, na yangeweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja na mtu yeyote anayeishi hapa.

Sasa ni zamu ya dadangu. Ugonjwa huu hutembea katika damu, na ndugu wa tumbo moja, wazazi na watoto wa mgonjwa wanashauriwa wapimwe hata wakiwa wazima. Dadangu alikwenda, akaambiwa, "Huna dalili, unatafuta nini?" Akarudi nyumbani. Nimekasirika tena upya kana kwamba ni mimi. Yule daktari wangu kijana amekubali kumwona, na safari hii naingia naye chumbani.

Kwa daktari huyo, nendeni, foleni yake mtaivumilia. Na ukienda kwa daktari mwingine, kama unashuku una seliaki, usiguse mlo wako kwanza, endelea kula ngano mpaka damu itolewe na kamera imalizike, hata akikuambia nani. Omba tTG-IgA, na uombe wapime na IgA ya jumla pamoja nayo (IgA ni aina mojawapo ya kingamwili), kwa sababu kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo hicho kinaweza kusema huna ilhali unao. Majibu yakija, ng'oa risiti usome mpaka chini.