Hema, vani au RV: tulale wapi kwenye safari ya hifadhi za magharibi mwa Marekani?

Wengi wakipanga kuzunguka hifadhi za magharibi kwa gari huanza na ramani. Mimi ningeanza na malazi, maana huko ndiko hela nyingi zinakokwenda. Mwezi wa Julai bonde la Zion, kule Utah, hupita nyuzi joto 38 mchana. Siku mbili baadaye mkiwa Yellowstone, ambako sehemu kubwa ya hifadhi iko juu ya mita 2,300, usiku baridi inaweza kushuka karibu na sifuri. Kitu mnachonunua lazima kiwalaze salama kote kuwili, kipite njia za milimani, na kikubalike pale penye sheria za dubu.

Waswahili wa Salt Lake City, Boise, Denver na Phoenix wanaishi mlangoni kabisa mwa hifadhi hizi. Walioko Texas au Minnesota wana siku nzima au zaidi barabarani kabla hawajaona mlima wowote wa maana. Kwa wote hao nimepanga chaguo tano, la kwanza likiwa bora, nikifikiria familia ya watu wanne, safari ya wiki mbili hadi nne, na gari la kawaida ambalo tayari lipo nyumbani.

Namba 1: Hema la ardhini na gari lenu wenyewe

Jibu hili halina mbwembwe, lakini nalitetea. Hema likishasimama linabaki kambini na gari linakuwa huru. Yellowstone peke yake ina Grand Loop, barabara ya maili 142, kama kilomita 228. Anayetaka kuona mbwamwitu bonde la Lamar inabidi aondoke alfajiri. Mwenye hema anavaa koti, anawasha gari, anaondoka. Anayelala ndani ya gari lake anakunja kitanda kwanza, kila siku.

Sasa ni hema gani? Msiamini idadi ya watu iliyoandikwa kwenye boksi. Hema la “watu wanne” ni watu wanne waliolala kama dagaa, bila mabegi. Familia ya wanne inunue la watu sita. Kisha tazameni turubai la juu. Mahema ya bei rahisi, kama Coleman Sundome, yana turubai fupi linalofunika kichwa tu kama kofia, na ubavuni hakuna kinga kamili. Kwa wikiendi moja kandokando ya ziwa yanatosha, na bei yake haiumizi. Lakini kusini-magharibi kuna msimu wa mvua za radi, kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba. Mvua hiyo huja na upepo, nao hulisukuma tone la maji kutoka pembeni. Tafuteni turubai linaloshuka karibu na ardhi pande zote, na ambalo mnaweza kulivua mkifika Zion ili hewa ipite kwenye wavu.

Jambo la pili ni fito. Za alumini hupinda na kurudi. Za faibaglasi hupasuka, na ufa wake unachoma vidole. Hema refu lenye kuta zilizosimama wima linavutia dukani kwa sababu mtu mzima anavaa suruali akiwa amesimama. Kwenye uwanda wa Moab upepo ukianza, zile kuta zinageuka tanga la jahazi. Ningelichagua kwa misitu iliyojikinga, si kwa jangwa. Na vigingi vyembamba vinavyokuja na hema viacheni nyumbani: nunueni vya chuma kinene, maana ardhi ya Utah ni ama mwamba ama mchanga.

Hema zuri la watu sita, lenye turubai kamili na fito za alumini, tegemeeni dola 300 hadi 500. Duka la REI lina kitengo cha bidhaa zilizorudishwa na wateja, na mwanachama wake, kwa ada ya dola 30 ya maisha yote, ana mwaka mzima wa kurudisha kitu kipya kisichomridhisha. Kwa mtu ambaye hajawahi kulala kwenye hema, hiyo ni bima ya maana.

Hata hivyo, kama mna dola 500 kwa jumla, msizimalize kwenye hema. Godoro na begi la kulalia ndivyo vinavyoamua kama watoto watataka kwenda tena. Begi lina alama mbili za joto: ya starehe na ya kikomo. Maduka hupenda kuandika kikomo kwa herufi kubwa. Nyinyi someni ya starehe, na iwe karibu na nyuzi sifuri au chini yake. Chagueni begi la mstatili linalofunguka zipu yote, ili huko Zion liwe shuka tu. Godoro nalo lina alama ya R, kipimo cha jinsi linavyozuia ubaridi wa ardhi. Kwa Yellowstone na Bryce Canyon, R ya 4 na kuendelea. Yale magodoro makubwa ya upepo ya kulaza wageni sebuleni hayana sponji wala kinga yoyote ndani. Hewa yake inapoa usiku, nanyi mnapoa nayo. Bibi akiwapo safarini, mpeni godoro nene kuliko yote.

Namba 2: Gari la familia lililogeuzwa kitanda

Hili ni chaguo la watu wawili, au mzazi na mtoto mdogo. Kama gari la milango ya kuteleza lipo tayari, gharama yake ni sponji, mapazia meusi na wavu wa mbu wa madirishani. Ila magari haya hayafanani. Honda Odyssey viti vya safu ya pili vinatoka. Chrysler Pacifica ya petroli vinazama sakafuni, mnabaki na uwanja. Toyota Sienna ya kuanzia 2021, wanayoipenda watu wetu kwa sababu inakunywa mafuta kidogo, viti vyake vya safu ya pili havikuundwa vitolewe, kwa hiyo pimeni urefu uliobaki kabla hamjakata sponji.

Faida yake ni kuta za chuma, na faraja ya kujua kwamba mvua ikinyesha saa nane usiku hakuna wa kutoka kukaza kamba. Hasara ni ile ya kukunja kila asubuhi. Tena, kulala garini ndani ya hifadhi kunaruhusiwa kwenye kiwanja cha kambi mlicholipia, si kwenye maegesho ya kutazamia mandhari. Acheni madirisha wazi kidogo, na jiko lisiwashwe ndani kamwe, liwe la gesi au la mkaa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na kwenye hema ni hivyo hivyo.

Namba 3: Vani ya kukodi yenye kitanda na jiko

Kwa wanaofika kwa ndege Las Vegas, Denver au Salt Lake City, hii inaweza kupanda hadi namba 1. Mnakuta kitanda, jiko, sufuria na friji ndogo, na mnaepuka kununua vitu ambavyo havitaingia kwenye sanduku wakati wa kurudi. Vani nyingi za aina hii zinapita kila barabara ya hifadhi na zinaingia karibu kila kiwanja cha kambi. Shida ni bei ya kiangazi, na kwamba nyingi zinalaza wawili tu. Kabla ya kulipa ulizeni mambo matatu: maili mlizoruhusiwa kwa siku, bima inayojumuishwa, na kama mnaweza kuiacha mji mwingine bila kutozwa faini ya maana.

Namba 4: RV ya kukodi

Hapa ndugu wengi watanibishia. RV ni nyumba ya kwenye magurudumu: choo, maji, jiko, kitanda cha mama. Tatizo liko barabarani. Ile barabara maarufu ya hifadhi ya Glacier kule Montana, Going-to-the-Sun, inakataza gari lenye urefu unaozidi futi 21, yaani mita 6.4, kupita kati ya Avalanche na Rising Sun. Hiyo ndiyo sehemu yenye uzuri wote. Zion nako, handaki la kuelekea Mount Carmel, lililokamilika 1930, lilichimbwa kwa magari ya wakati ule. Kuanzia Juni 2026 magari yenye kimo kinachozidi futi 11 na inchi 4 hayapiti tena hata kwa kusindikizwa. Yanazungushwa njia nyingine.

Halafu mafuta. RV kubwa hupata maili 8 hadi 10 kwa galoni. Kwa mzunguko wa maili 3,000 hizo ni galoni 300 hadi 375. Gari dogo la maili 30 kwa galoni linamaliza na 100. Ongezeni ada ya kila maili inayotozwa na kampuni nyingi za kukodisha. Na umeme wa kuchomeka hauko kila kambi. Unapatikana sehemu chache kama Fishing Bridge ya Yellowstone, Colter Bay ya Grand Teton, Trailer Village ya Grand Canyon, na baadhi ya viwanja vya Watchman kule Zion. Bila umeme huo, kiyoyozi kinategemea jenereta yenye saa zake za kuruhusiwa.

Napandisha RV hadi namba 2 kwa hali moja: kuna mzee, mjamzito au mtu ambaye kwenda choo cha mbali usiku ni mtihani. Hapo kodini ndogo, ya chini ya futi 25, na Glacier pandeni basi la hifadhi.

Namba 5: Hema la kwenye keria

Linapendeza kwenye picha. Bei yake huanza karibu dola 1,000 na hupanda hadi 4,000, uzito wake mara nyingi ni kilo 50 hadi 80, na keria ya gari lenu ina kikomo chake kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kisomeni kabla hamjalipa. Kila mkitaka kwenda kununua barafu, nyumba nzima inakunjwa. Na ingawa mko juu, bado mko kwenye turubai: Fishing Bridge, kwa sababu ya dubu aina ya grizzly, inapokea magari yenye kuta ngumu tu, na hema la juu ya gari halimo. Linamfaa anayehama kila siku kwenye ardhi za misitu ya serikali, ambako sehemu nyingi mnaweza kulala bure hadi siku 14, bila maji wala choo. Kwa mzunguko wa hifadhi kubwa halifai.

Vitu vya jikoni

Deli la barafu la bei kubwa, lile zito lenye kuta nene, linatunza barafu siku nyingi zaidi, sibishi. Lakini mtapita madukani kila baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo la dola 60 la lita 45 hivi linatosha. Kipimo muhimu ni kimo. Yosemite, hifadhi ya California, hairuhusu chakula kubaki kwenye gari giza likiingia, kinawekwa kwenye kabati la chuma la kiwanjani, ambalo kwa kawaida lina sentimita 114 kwa 84 na kimo cha 46 tu. Deli lisiloingia humo ni mzigo. Dawa ya meno, mafuta ya kupaka na viti vya mtoto vilivyomwagikiwa juisi navyo dubu huvinusa.

Jiko ni la gesi, la pleti mbili, lenye mtungi mdogo wa kufunga kwa kuzungusha. Msitegemee kuni: kiangazi kikikauka, moto wa kuni hupigwa marufuku, huku jiko lenye swichi ya kuzima mara nyingi likiruhusiwa. Kwa ugali tafuteni lenye waya imara wa kubeba sufuria, maana mwiko ukianza kazi, majiko mepesi yanatembea mezani. Maharage yana kesi nyingine. Kwenye mita 2,300 maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, nayo hayaivi kwa wakati mliouzoea. Ama mbebe sufuria ya presha, ama mnunue ya kopo na msimwambie shangazi.

Pasi na vya kununua mkifika

Lango la hifadhi kubwa kama Zion, Yellowstone au Grand Canyon ni dola 35 kwa gari, siku saba. Pasi ya mwaka kwa mkazi wa Marekani ni dola 80, hivyo kwenye lango la tatu imeshajilipa. Bebeni kitambulisho cha serikali. Tangu Januari 2026 asiye mkazi analipa 250 kwa pasi hiyo. Asipokuwa nayo, kwenye hifadhi 11 zenye watu wengi, zikiwamo Zion, Yellowstone, Glacier na Yosemite, inaongezeka dola 100 kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi. Nafasi za viwanja vingi vya kambi hufunguliwa kwenye tovuti ya Recreation.gov miezi sita kabla, Yosemite miezi mitano, na vya Julai huisha ndani ya dakika chache. Wekeni nafasi kwanza, hema mtanunua baadaye.

Wanaokwenda kwa ndege, mitungi ya gesi na dawa ya kupulizia dubu haviruhusiwi, si mkononi wala kwenye sanduku linalopakiwa. Nunueni mkifika. Dawa hiyo inashauriwa sana kwa mtu anayetembea njia za Yellowstone, Grand Teton na Glacier, lakini Yosemite kuwa nayo ni kosa. Mkimalizia safari California, mwachieni mtu anayeelekea kaskazini kabla hamjafika lango la Yosemite.