Viazi mviringo vya gunia: ununue wapi, kiasi gani, na uviweke vipi visioze

Gunia la viazi mviringo, yaani airishi, si kipimo. Magunia yanayoteremka kutoka Kabale, Rubanda na Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, hushindiliwa mpaka yanavimba, kisha juu huongezwa kofia ya viazi na kushonewa kamba, lumbesa tunayoijua. Moja lina kilo 100, la pembeni yake 120 au zaidi, na bei inayotajwa ni ileile. Kwa hiyo hapa chini tumepanga njia za kununua kwa bei ya kilo zitakazofika sufuriani, si kwa bei ya gunia.

Anza na hesabu ya nyumba. Watu sita wanaokula viazi mara tatu kwa wiki, gramu 250 kila mmoja, wanamaliza kilo 1.5 kwa mlo na 4.5 kwa wiki. Kwenye joto la Kampala, Jinja au Lira, viazi vizuri vikitunzwa vizuri vitakupa wiki nne hadi sita. Shika wiki nne: kilo 18, ongeza mbili za kuharibika, jumla 20. Gunia moja, basi, ni la nyumba tano. Kabale kwenyewe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na usiku wa baridi, viazi hukaa miezi miwili na kupita. Ushauri wa shangazi wa Kabale ni sahihi Kabale. Usiubebe mpaka Bwaise, mtaa wa Kampala.

Sasa mfano wa fedha, kwa tarakimu za kukisia tu. Gunia la kilo 110 kwa shilingi 165,000 ni 1,500 kwa kilo. Ukitupa kilo 20, zile 90 zilizobaki zimekugharimu 1,833 kila moja. Kama beseni la mtaani lingekupa kilo kwa 1,800, umebeba gunia, umelipa boda na bado umepata hasara.

1. Gunia la kugawana, lililomwagwa na kupimwa

Hii ndiyo ya kwanza na hakuna inayoikaribia. Nyumba nne au tano zinachanga, mnamfuata muuza jumla asubuhi lori likiwa limeshusha (Kalerwe, Owino au Nakawa kwa walio Kampala, au soko kubwa la mji wenu), mnamwambia amwage gunia juu ya turubai na apime kwa mizani. Akikataa kumwaga, nendeni kwa wa pili. Viazi vya mdomoni mwa gunia vimepangwa vikutazame. Habari yenyewe iko chini, ambako vimekandamizwa na safari ya zaidi ya kilomita 400. Chini likiwa na doa la maji, au ukiinama ukasikia harufu ya kitu kilichochacha, hata bei ikishuka nusu liache. Kiazi kimoja kilichooza kwa kulainika kinatoa maji, na maji hayo ndiyo yanayoambukiza jirani zake.

Vikishamwagwa, fanya mambo manne. Sugua ngozi kwa kidole gumba: ikichubuka na kukunjika kama karatasi mbichi, vimechimbwa kabla ya kukomaa na havitakaa. Mkulima mzuri hukata majani wiki mbili hivi kabla ya kuchimba ili ngozi ishike. Bonyeza: kiwe kigumu kama jiwe. Angalia macho ya kiazi: vitundu vyenye unga mweusi ni nondo wa viazi, na funza wake wataendelea kula ndani ya stoo yako; udongo ulioganda kwenye macho kama umegandishwa kwa gundi ni dalili ya ugonjwa wa mnyauko bakteria. Mwisho, kata vitatu katikati. Duara la kahawia ndani ya nyama linalotoa ute mweupe ukiminya ni huo mnyauko. Mabaka ya rangi ya kutu yanayoanzia chini ya ngozi ni ugonjwa wa ukungu ulioanzia shambani. Ukikuta kimoja kati ya vitatu, usinunue. Udongo mkavu hauna neno. Tope ndilo baya: linapimwa pamoja na viazi, unalilipia, na linabeba unyevu hadi nyumbani.

Msimu nao una kauli yake. Mavuno makubwa ya kusini-magharibi huangukia Juni na Julai, kisha Desemba na Januari, mvua ikiwa imepungua. Hapo ndipo pa kununua vya kuweka. Vilivyochimbwa mvuani, nunua vya wiki moja. Walio Mbale, Soroti au Lira wasisubiri lori la Kabale wakati Kapchorwa na miteremko ya Elgon iko karibu; safari fupi ni michubuko michache.

2. Nusu gunia au kilo 20 za kuchaguliwa sokoni

Ukikosa wa kugawana nao, mlipe muuzaji zaidi kidogo uchague mwenyewe kimoja kimoja. Watu wengi hujibana hapa bila sababu. Nyongeza hiyo ni ndogo kuliko kilo utakazotupa, na unapata vya ukubwa mmoja ambavyo vitaiva pamoja. Chukua vya saizi ya ngumi ya mtoto hadi ya mtu mzima. Vikubwa mno mara nyingine vina uwazi katikati, vidogo hunyauka upesi.

3. Ndoo za kando ya barabara

Anayerudi kutoka Kabale kwa gari lake anapata viazi vibichi kwa bei nzuri, lakini ndoo imejengwa kama kichuguu, juu vikubwa, ndani vya kila namna. Mwaga ndoo kwenye gunia lako mbele ya muuzaji. Na usiviache kwenye buti iliyofungwa kutwa nzima ukiwa Mbarara kwa shughuli: vinapumua, vinatoa joto na maji, na buti inakuwa sufuria.

4. Beseni au fungu la kila wiki

Ghali kwa kilo, salama kwa chumba kimoja cha mabati kisicho na kona ya baridi. Kwa watu wawili hii hupanda mpaka namba moja.

5. Wavu wa supamaketi

Vimeoshwa, vinang'aa, vimekaa chini ya taa. Kuosha kunaondoa udongo uliokuwa unakinga ngozi na kuacha unyevu machoni. Mwanga unavifanya kijani. Vya kupika leo na kesho tu.

Aina ipi?

Victoria, iliyotolewa kwa wakulima wa Uganda 1991, ndiyo utakayoikuta zaidi: inazaa sana, inaiva haraka, nzuri kwa mchuzi na katogo, ule mchanganyiko wa chungu kimoja. Ila inachipua mapema, kwa hiyo si ya kuweka muda mrefu. Kinigi, yenye jina la mahali kaskazini mwa Rwanda, ina unga mwingi na ndiyo wakaanga chipsi wanaiulizia. Shida ni kwamba zote mbili zina ngozi nyekundu, na sokoni kila chekundu huitwa Kinigi mteja akitaka Kinigi.

Rangi haikusaidii, chumvi itakusaidia. Nunua vitano kwanza. Yeyusha gramu 120 za chumvi (kama vijiko saba vya mezani vilivyosawazishwa) katika lita moja ya maji, tumbukiza viazi vilivyooshwa. Vinavyozama vina unga wa kutosha, vitakauka vizuri kwenye mafuta. Vinavyoelea vina maji mengi: vichemshe, vipike na nyama, lakini chipsi zake zitalegea kabla hazijafika mezani.

Siku ya kwanza nyumbani

Hapa ndipo viazi vingi hufia, kwa sababu gunia hufikishwa stooni na kuegemezwa ukutani jinsi lilivyo. Lifungue jioni hiyohiyo. Usioshe. Tandaza viazi juu ya mkeka au magunia makavu, chumba chenye giza na hewa, na uvigawe mafungu matatu: vilivyokatwa na jembe au kupondeka, vya kula wiki hii; vidogo na vyenye jicho lililoanza kuvimba, vya wiki ya pili; vizima, vya kuweka. Hivi vizima viache vimetandazwa siku saba hadi kumi. Kwa muda huo mikwaruzo midogo inajifunga ngozi mpya na njia ya kuoza inazibika.

Kisha vipange kwenye kreti za plastiki au makasha ya mbao yenye nafasi, kimo kisizidi sentimita 30 hivi, ukiinua kasha kwa matofali mawili ili hewa ipite chini. Funika kwa gunia la katani. Kavera, mfuko wa plastiki, hapana, hata lililotobolewa: jasho lake linarudi kwenye viazi. Kaa mbali na sigiri na ukuta wa mabati unaopigwa na jua la mchana. Vitunguu viwe kona nyingine. Friji nayo si stoo. Baridi kali hugeuza wanga kuwa sukari, na chipsi zitakuwa nyeusi nje kabla hazijaiva ndani.

Walio na nondo hutandika majani makavu ya lantana au mkaratusi kati ya tabaka. Husaidia kuwafukuza wapya, hayaui waliokwisha kuingia. Mbuzi asiyafikie ya lantana, ni sumu kwake.

Kagua mara mbili kwa wiki, kwa pua kwanza kisha kwa mkono. Kilichooza kitoe pamoja na vilivyolowana nacho; hivi vilivyolowana vikaushe na uvipike siku hiyo. Chipukizi fupi kwenye kiazi kigumu ling'oe, upike. Kiazi kilichonyauka na kuota ndevu kitupe. Doa dogo la kijani likate kwa kina, kwa kuwa sumu inayokuja na ukijani huo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Kikiwa kijani sehemu kubwa, au ukionja kikawa kichungu, usimpe hata nguruwe.