Kenshin au Thorfinn: nani kabadilika kweli?

Jumapili moja umeme ulikatika Sinza, mimi na mdogo wangu tukabaki barazani tukibishana kuhusu katuni mbili za Kijapani. Yeye ni mtu wa Rurouni Kenshin, mimi wa Vinland Saga.

Kenshin tunakutana naye mwaka 1878, enzi ya mfalme Meiji wa Japani, akiwa keshatubu. Aliua watu wengi wakati wa mapinduzi, sasa anatembea na upanga ambao makali yake yamegeuzwa upande wa nyuma ili asiue tena. Anapendeza, sikatai. Ila toba yake tunasimuliwa zaidi kuliko tunavyoishuhudia, na kila ugomvi bado anaumaliza kwa upanga uleule.

Thorfinn wa Vinland Saga tunaanza naye mtoto. Msimu wa kwanza, wa 2019, anakua akichinja watu huku akimwinda Askeladd, aliyemuua baba yake. Msimu wa pili, wa 2023, ni mtumwa shambani Denmark: anang'oa visiki na Einar, mtumwa mwenzake, anapanda ngano, usiku anaota aliowaua wakimng'ang'ania miguuni. Mdogo wangu aliuacha njiani. "Kaka, hii ni katuni au kilimo kwanza?"

Nilicheka. Lakini ni ule ulimaji ndio ulionishika. Halafu anakubali kupigwa ngumi mia moja bila kurudisha hata moja, ili tu aonane na mfalme Canute. Kenshin angeshachomoa upanga.

Kwa wikiendi moja ya burudani, chukua Kenshin. Mimi namrudia Thorfinn.