Uraka wa Newala au tembo la Mikindani?

Ukija Mtwara na gari lenye hema juu ya keria, na unataka kuonja kinywaji cha wenyeji, njia ni mbili: upande Newala ukanywe uraka, pombe ya mabibo ya mkorosho, au ubaki Mikindani, kama kilomita 10 tu kutoka mjini, umsubiri mgema na tembo lake la mnazi.

Uraka una msimu. Mabibo yakianza kuanguka, Oktoba hivi, korosho inang'olewa, bibo linakamuliwa, maji yake yanaachwa yachachuke. Ni matamu, ila yana ukakasi unaobana ulimi, na harufu yake hukaa ndani ya hema mpaka kesho. Asubuhi unalitazama bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu, genge la hapo Newala. Beba maji yako lakini. Newala maji ni shida ya siku nyingi.

Tembo la mnazi lipo mwaka mzima. Mgema hupanda asubuhi na jioni, anachonga karara, anashusha kibuyu chenye nyuki wawili watatu waliozama. La asubuhi ni tamu. Likifika jioni limeshakuwa kali. Usilisifu sana mbele yake, unajua atakachofanya.

Mimi nachagua uraka, mradi iwe Novemba na dereva alale hapohapo alipokunywa.